mwamba wa moto, nm mi- [u-/i-]

Mwamba uliotokana na magma kupoa na kuganda. "Moto" hapa hutaja asili, si hali ya sasa: majabali ya graniti ya Mwanza huitwa hivyo ingawa yalikwisha kupoa zamani mno. Magma ikigandia chini ya ardhi, mwamba husemwa umejipenyeza. Ikimwagika juu, huitwa lava. Wafasiri wengi hupoteza tofauti hii, wakaandika "lava" kila mahali. Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro, yote mawili yapo: magma ilipanda katika nyufa za tabaka za lava, ikaganda humo kama kuta nyembamba, na mmomonyoko ukazifichua. Kuta hizo, ziitwazo daiki, ni changa kuliko lava iliyozizunguka, maana ufa hauwezi kujazwa kabla ya kuwapo.

Si kila mwamba ni wa moto. Mawe ya chokaa yanayochimbwa Wazo Hill, jirani na Boko jijini Dar es Salaam, kwa ajili ya saruji, ni mwamba wa mashapo: yalijengeka baharini, hayakupata kuwa magma. Mfasiri akikuta "mwamba" peke yake, aulize kwanza ni wa wapi.