Kichwa cha Twiga na Rangi za Kibanda

Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa mwezi Juni 1966 na kutoa noti zetu za kwanza, ndani ya karatasi ya noti hizo kilifichwa kichwa cha twiga, kisichoonekana vema mpaka noti iinuliwe kwenye mwanga. Alama yenyewe haikuwa ngeni. Waingereza waliitia katika bendera ya Tanganyika, na stempu za mwaka 1922 zilikuwa na twiga vilevile. Lakini ilipoingia katika fedha ya Taifa huru, maana yake iligeuka. Mkulima wa mahindi wa Ismani, hata asiyejua kusoma, aliinua noti, akamwona mnyama wake, akajua kuwa hakudhulumiwa.

Mwaka 2008 Vodacom ilileta M-Pesa nchini, mwaka mmoja baada ya huduma hiyo kuanza Kenya. Fedha ikaingia katika simu, twiga akabaki nje. Basi mzazi aliyeko kijijini Rungwe, anayengojea fedha za mwanawe aliyeko Dar es Salaam, aamini nini?

Kwanza aliamini jina. Pesa ni neno tulilolipokea kutoka Bara Hindi, tukalitumia sokoni na jikoni hata likawa letu kabisa. Mtu alipobonyeza *150*00#, simu ile ndogo isiyo na picha ilimjibu kwa Kiswahili chepesi: tuma pesa, toa pesa. Wako wanaodhani kuwa ubunifu ni michoro tu. Sisi twaona kwamba maneno yale machache yalikuwa ubunifu mkubwa kuliko nembo yoyote, kwa sababu hayakumwaibisha mtu mbele ya simu yake.

Kisha rangi. Asafiriye kutoka Iringa hadi Mbeya, akipita Mafinga, Makambako na Igawa, amekwisha kuona jinsi maduka ya kando ya barabara yalivyopakwa rangi za kampuni za simu: nyekundu ya Vodacom, buluu ya Tigo, chungwa la Halotel. Airtel nao walichagua nyekundu, jambo ambalo halikuwasaidia wazee. Hata hivyo bibi asiyesoma huweza kumwagiza mjukuu wake aende kwenye kibanda cha buluu, na mjukuu asipotee. Tukiri pia kwamba ukuta huo ni tangazo, na mwenye duka ameuazima uso wa nyumba yake.

Majina, hata hivyo, hayadumu. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, na Zain ikawa Airtel mwaka 2010, wateja wakiwa na namba zao zile zile. Mwezi Novemba 2024 Tigo ikaitwa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Kampuni ina haki ya kujiita ipendavyo. Lakini sisi tuliozoea kupima maneno kwa mizani twasikitika kidogo, maana katika jina jipya neno pesa limeondoka, wala hakuna neno lingine la Kiswahili lililokalia nafasi yake.

Katika soko la Mwanjelwa, Mbeya, tumemsikia mama mmoja akiomba kutoa fedha kwa jina lile la zamani. Wakala hakumsahihisha. Alimwuliza tu, "Shilingi ngapi, mama?"