Klamidia: Maradhi ya zinaa yasiyotoa ishara

MJI wa Voi ni njia panda. Barabara kuu itokayo Mombasa kuelekea Nairobi hukutana hapo na ile ipitayo Mwatate hadi Taveta, kwenye mpaka wa Tanzania, na madereva wengi wa malori hupumzika hapo. Katika miji ya aina hii, mazungumzo ya maradhi ya zinaa yametawaliwa kwa miaka mingi na Ukimwi, kisonono na kaswende. Klamidia hutajwa kwa nadra, ijapokuwa Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2020 kulikuwa na maambukizi mapya milioni 128.5 miongoni mwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 49.

Husababishwa na bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis. Aina nyingine za kiini hichohicho huleta trakoma, maradhi ya macho yanayofahamika sana na wafugaji wa Turkana na Narok. Klamidia ya zinaa huambukizwa kwa kujamiiana bila mpira, wala si kwa kukalia choo walivyozoea wengi kusema.

Hatari yake ni ukimya. Wanawake wengi walioambukizwa, na wanaume wengi pia, hawahisi lolote. Dalili zikitokea, huwa ni uchafu usio wa kawaida ukeni au kwenye uume, maumivu wakati wa kukojoa, kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au maumivu ya korodani.

Usipotibiwa, ugonjwa huweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu. Hapo ndipo hutokea mimba kutunga nje ya mfuko wa uzazi, au utasa. Mke huyo aweza kulaumiwa na wakwe kwa kukosa mtoto, au hata kurudishwa kwao, ilhali huenda aliambukizwa na mumewe mwenyewe, ambaye hakupimwa kamwe. Mama mjamzito naye aweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua, akamletea maradhi ya macho au homa ya mapafu.

Nchini Kenya, wahudumu wa afya aghalabu hutibu kwa kufuata dalili. Mwanamume anayetokwa na usaha hupewa dawa za kisonono na klamidia kwa pamoja. Utaratibu huo una faida, kwani kipimo cha maabara ni ghali, lakini humwacha nje asiye na dalili. Klamidia pia haimo katika vipimo vya kawaida vya kliniki ya wajawazito.

Tiba ni rahisi: doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, kwa siku saba, au azithromisini gramu moja kwa mara moja. Wajawazito hawapewi doksisaiklini. Kununua vidonge viwili vitatu dukani hakutoshi, na kutibiwa peke yako ni kazi bure iwapo mwenzako bado anao.

Mkaazi wa Voi mwenye shaka aweza kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Moi. Wapenzi wote wawili watibiwe, wajiepushe na ngono kwa siku saba, kisha wapimwe tena baada ya miezi mitatu, kwa sababu kuambukizwa upya ni jambo la kawaida.