Calliope na Litungu

Mtu wa Bomani, Tarime, anenapo "muziki", huwataja pasipo kujua miungu wa kike wa Wayunani. Neno hilo tumelipata kwa Waingereza, ijapokuwa Waarabu nao wanalo. Asili yake ni Kiyunani, maana yake kazi ya Muse. Hesiod aliwahesabu 9, mabinti wa Zeus na Mnemosyne, yaani Kumbukumbu, na aliye juu yao ni Calliope. Homer aliomba kwanza kwa Muse, kama mtunzi wa pwani aanzavyo kwa jina la Mungu. Mwaka 1990 Mwingereza Neil Gaiman alitunga kisa cha mwandishi aliyemfungia Calliope nyumbani ili apate hadithi. Akazipata, kisha akaachwa hana wazo hata moja.

Wako wadhanio ya kuwa litungu, kinubi cha Wakuria chenye nyuzi 8, kilitoka kwa Wayunani, kwa kuwa vyafanana. Sikubali. Vinubi vya namna hiyo vilikuwako Ur karne nyingi kabla ya Homer. Na Wajaluo, jirani zetu, wana nyatiti. Ufanani ulio wa kweli ni kazi yenyewe. Mpiga litungu huwakumbusha watu habari za wazee wao, naye akizikwa pasipo kuacha mwanafunzi, nyingi za nyimbo zake hazikuandikwa popote.