Nyimbo Zilizookolewa na Filamu, na Zile Tulizozipoteza Wenyewe

Wazee wenzangu mliopitia shuleni hapa na ninyi wanafunzi wa leo, hapana shaka wengi wetu tunaikumbuka sinema ya bwaloni. Shuka jeupe lilitundikwa ukutani, projekta ikaunguruma, na filamu za Kihindi zikatufundisha nyimbo ambazo hatukujua maana yake. *Awara* ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilikuwa na umri kutuzidi, lakini siku ya kufunga shule tuliipigia mluzi hadi stendi ya Same. Tuliiona kuwa burudani tu. Leo naamini kwamba filamu ya muziki ni ghala la historia.

Mfano wa kwanza ni *When We Were Kings*. Septemba 1974, James Brown, Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley walitumbuiza mjini Kinshasa, kabla ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman la tarehe 30 Oktoba. Leon Gast aliongoza upigaji picha. Kwa shida za fedha na za kisheria, filamu haikutoka mpaka 1996, miaka 22 baadaye. Mwaka 2008 mikanda ile ile ikazaa *Soul Power*, inayohusu tamasha lenyewe. Muziki ule haukupotea kwa sababu ulikuwa umekwisha kunaswa.

Hapa kwetu, Andy Jones alimfuata Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka wa Unguja, akatoa *As Old as My Tongue* mwaka 2006. Siti binti Saad tunamsikia katika santuri alizoanza kurekodi Bombay mwaka 1928. Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, tunamsikia na pia tunaiona mikono yake juu ya ngoma.

Je, Upare? Profesa Isaria Kimambo alikusanya masimulizi ya wazee wetu, na kitabu chake juu ya historia ya siasa ya Wapare kikatoka mwaka 1969. Aliandika pia habari za Mbiru, kodi iliyowafanya maelfu ya watu washuke milimani mwaka 1945 na kukusanyika Same kuipinga. Maneno ya wazee yamehifadhiwa. Sauti zao za kuimba je?

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Likizo ya mwaka 1984 nilimrekodi bibi yangu akiimba kwa Chasu nyimbo za kutwanga na za kumsindikiza bibi harusi. Alicheka, akarudia wimbo mmoja mara mbili ili niupate vizuri. Mwezi uliofuata nilikosa kaseti tupu, nikarekodi muziki wa dansi wa redioni juu ya sauti yake. Nilidhani ningemrekodi tena. Alifariki kabla ya likizo nyingine.

Wanafunzi, simu moja nyumbani kwenu yaweza kufanya kazi ya kamera ile ya Kinshasa. Mwombeni mzee ruhusa. Andikeni jina lake, kijiji, tarehe, na wimbo huimbwa wakati gani. Mwulizeni maana ya kila neno la Chasu msilolielewa, kisha wekeni nakala mbili mahali tofauti.

Kaseti yangu ninayo bado. Nimeisikiliza pande zote mbili mara nyingi. Ni dansi tupu.