Makutano ya Barabara Mpakani: Kosa la Dereva Lisiwe Hukumu ya Kifo

Inasimuliwa kwamba jina boda boda lilizaliwa Busia, mji ulio mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli waliwavusha abiria kati ya vituo viwili vya mpakani huku wakinadi "boda, boda". Leo baiskeli zile zimekuwa pikipiki, nazo zinapita katikati ya malori ya Ushoroba wa Kaskazini, njia kuu ya mizigo, yatokayo bandari ya Mombasa. Makala hii inatetea hoja moja: makutano ya barabara ya Busia na Tororo yatakuwa salama pale umbo lake litakapobadilishwa. Kuwaonya madereva pekee hakutoshi.

Malori huvuka mpaka Malaba na Busia. Mjini Busia, upande wa Kenya, barabara itokayo Kisumu hukutana na ile ya Malaba. Upande wa Uganda, njia ya Mbale huchepukia Tororo, mji wa viwanda vya saruji. Hapo ndipo lori la hadi tani 56, kikomo kilichowekwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, hugawana lami na mwanafunzi anayevuka kwa miguu.

Kinachoua ni nishati ya mgongano, nayo huongezeka kwa mraba wa mwendo: gari la kilomita 60 kwa saa hugonga kwa nishati mara nne ya gari la uzito uleule la kilomita 30. Binadamu atakosea daima. Atachoka, atakadiria vibaya umbali, ataharakisha kabla ya giza. Sweden ilikubali ukweli huo mwaka 1997 bunge lake lilipopitisha sera ya kutovumilia kifo chochote barabarani, na ikawatwika wajenzi wa barabara sehemu ya dhamana.

Dawa inajulikana. Makutano ya njia nne yana sehemu 32 ambapo magari yanaweza kugongana. Mzunguko wenye safu moja ya magari, yaani kiplefti, una 8 tu. Zaidi ya hayo, mzunguko humlazimisha kila dereva kupunguza mwendo, na hupunguza sana ajali za kugongana uso kwa uso na za kugongwa ubavuni, ambazo ni miongoni mwa zinazoua zaidi. Penye nafasi finyu, vivuko vilivyoinuliwa vinaweza kupunguza mwendo kabla ya makutano.

Wapo wanaodai kwamba trela haliwezi kuzunguka kiplefti. Hoja hiyo ina uzito kwa mizunguko midogo iliyojengwa bila hesabu. Lakini kisiwa chaweza kuzungushiwa ukingo mpana wa mawe ulioinuka kidogo, ambao magurudumu ya nyuma ya trela yanaweza kuupanda na gari dogo likauepuka.

Hata hivyo, umbo la lami halitoshi ikiwa soko limehamia mdomoni mwa barabara. Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, Kericho, kwenye njia ile ile inayoelekea Kisumu na Busia, lori lililopoteza mwelekeo liliua zaidi ya watu 50, wakiwemo wachuuzi na abiria waliosubiri magari. Mchuuzi hukaa pale kwa sababu wateja wapo pale. Kumfukuza bila kumpa soko na kituo cha matatu pembeni ni kumwalika arudi kesho.

Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Busia mwaka 2018 kilithibitisha kwamba Kenya na Uganda zinaweza kukagua shehena chini ya paa moja. Nchi hizi huendesha upande mmoja wa barabara na hupitisha malori yale yale. Basi na zikague makutano kwa pamoja: kipimo kimoja cha mwendo, alama za aina moja, takwimu za ajali zinazovuka mpaka kama shehena. Tumeharakisha mizigo ipite mpakani. Sasa tuhakikishe watu wa mpakani wanavuka barabara yao wakiwa hai.