Stelingi Anapokufa: Muuaji Anayejuta wa Hong Kong na Swali Lililofika Chuga

Kila mtoto aliyekulia uswahilini anaijua sheria ya kwanza ya picha: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, risasi zitapita pembeni ya sikio, lakini dakika za mwisho lazima anyanyuke. Wa kufa ni adui. Ukiingia kibanda umiza umechelewa, swali la kwanza kwa jirani ni moja tu: "Stelingi yupi?" Ukishaonyeshwa, roho inatulia.

Sasa mwaka 1989, huko Hong Kong, jamaa mmoja anaitwa John Woo aliivunja hiyo sheria vibaya sana. Picha inaitwa The Killer. Stelingi wake ni muuaji wa kukodiwa, na mwisho wa picha stelingi anakufa. Tena anakufa kifo cha kukuacha umeduwaa kwenye benchi wakati wenzako wanatafuta ndala zao.

Wengi wanaikumbuka aina hii ya picha kwa bastola mbili mbili na njiwa weupe. Ila chini ya moshi wa risasi kuna swali zito: mtu aliyeua akijuta, majuto yake yanalipa nini? Na kama kuna mji Afrika Mashariki ambao ulikuja kuulizwa swali hilo kwa uzito wa kweli, ni Arusha.

MIKANDA, DEKI NA BENCHI

Tuanzie nyumbani. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973. Tanzania Bara ilisubiri mpaka 1994, zilipoanza stesheni za watu binafsi kama ITV. Kwa miaka yote hiyo, mtu wa Bara aliyetaka picha alikwenda sinema, na kwa Arusha jina lililotajwa sana ni Metropole. Bruce Lee na kung fu yake walipata mashabiki wa kufa na kupona nchi nzima kupitia kuta za sinema kama hizo.

Katikati ya miaka ya 80 serikali ikaanza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Deki za video zikaingia, na mikanda nayo. Sinema kubwa zikaanza kudoda. Vikazaliwa vibanda: chumba kimoja, pazia zito, televisheni juu ya meza, mabenchi, na mlangoni ubao ulioandikwa kwa chaki picha za siku hiyo. Ngarenaro, Unga Limited, Kaloleni, Majengo, huko kote kibanda kilikuwa shule ya pili. Wengine kilikuwa ya kwanza kabisa, na mama zao walijua pa kuwafuata na fimbo.

Kibandani kila picha ya Mashariki ya Mbali iliitwa "ya Kichina", basi. Ukweli ni kwamba nyingi zilikuwa za Kikantoni, lugha ya Hong Kong na Guangdong, ambayo mtu wa Beijing akiisikia haelewi. Hong Kong ilikuwa bado chini ya Uingereza, kwa hiyo picha zake zilizoea kuwa na maandishi ya Kichina na Kiingereza chini ya kioo. Hayo maandishi yanapita mbio, na Kiingereza chenyewe mara nyingi kimepinda. Kwa mtu wa benchi la nyuma, hapo ni kuambulia vichwa vya watu tu.

Ndipo akaingia mtu muhimu kuliko stelingi: mtafsiri. Kampala walikuwa nao, Dar akavuma Lufufu mpaka jina lake likawa kama chapa, Kenya baadaye ikampata DJ Afro. Lakini kwa kila mmoja mwenye jina kulikuwa na makumi wasio na jina, jamaa tu mwenye maiki na sauti ya kukwaruza. Hakutafsiri neno kwa neno. Aliwapa wahusika majina ya mtaani, akaeleza nani kamsaliti nani, akatia utani. Bila yeye, The Killer na ndugu zake zingebaki kuwa kelele za bastola. Haki miliki hakuna aliyeiuliza, na wao wenyewe hakuna aliyewaandika popote. Ila wengi wa waliokuwa wadogo wakati huo wanaijua Hong Kong kupitia midomo yao.

DENI LA MACHO

Stori yenyewe iko hivi. Ah Jong, anayechezwa na Chow Yun-fat, anapewa kazi ya kuua ndani ya klabu. Kazi inafanyika, lakini kwenye vurugu mlipuko wa bastola yake unamjeruhi macho Jennie, mwimbaji asiyehusika na lolote. Ah Jong anamfunga skafu yake machoni na kutoweka. Roho inamsuta. Anaanza kumfuatilia yule dada, anamsaidia, wanazoeana, na Jennie hajui kabisa kwamba huyu mkarimu ndiye aliyemzima taa.

Ili apatikane wa kumtibu, zinatakiwa hela. Ah Jong anajua njia moja tu ya kupata hela: kuua. Anakubali kazi ya mwisho. Hapo ndipo John Woo anapokuwa mkali kinoma, maana jamaa anataka kufuta damu kwa damu nyingine. Bosi anamgeuka, hataki kulipa, anatuma watu wammalize. Rafiki yake wa siku zote anazipigania zile hela mpaka zinafika, na zinafika zikiwa zimegharimu maisha yake.

Wakati huo askari mmoja, Li Ying, yuko nyuma yake. Kadri anavyomfukuza ndivyo anavyogundua kwamba huyu muuaji ana utu kuliko wakubwa zake wa kazi. Mwishowe wanasimama upande mmoja, ndani ya kanisa, mishumaa inawaka, njiwa wanaruka, risasi zinabomoa mpaka sanamu ya Bikira Maria. John Woo ni Mkristo, kwa hiyo lile kanisa halipo pale kwa ajili ya mapambo.

Kabla ya hapo Ah Jong amemwachia askari ombi: akifa, macho yake apewe Jennie. Hilo ndilo lingekuwa malipo kamili. Sasa ngoja. Kwenye yale mapigano adui anampiga risasi za macho, yote mawili. Stelingi anatambaa chini akimtafuta Jennie, naye Jennie anatambaa akimtafuta yeye. Vipofu wawili. Wanapishana bila kugusana, na jamaa anakata roho. Hela ipo, majuto yapo, mapenzi yapo, na deni bado halijalipwa.

MTEGO WA KOTI

Unaweza kuuliza: kama ujumbe ni mzito hivyo, kwa nini picha inapendeza vile? Picha inapunguzwa mwendo mpaka ganda la risasi unaliona likianguka, suti nyeupe, miwani. Miaka mitatu nyuma, kwenye A Better Tomorrow ya 1986, Chow Yun-fat alivaa koti refu, na vijana wa Hong Kong wakaanza kuvaa makoti kwenye joto lile la kule, wanatoka jasho lakini wamependeza.

Machalii wa Chuga hawana hiyo shida. Ukiwa mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Meru inakushushia baridi ya Juni na Julai, koti la mtumba na boshori si fasheni peke yake, ni afya. Lakini mvuto ni ule ule: kijana anatoka kibandani anatembea kwa mabega, kidole kimekuwa bastola. John Woo anaujua huo mvuto na anautumia kama mtego. Anakupendezesha na muuaji kwanza, ukishampenda ndipo anakuletea bili.

PALE AICC

Sasa shusha pumzi, maana hapa tunatoka kwenye picha na kuingia kwenye mambo ya kweli.

Novemba 1994 Umoja wa Mataifa uliunda Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, na mwaka 1995 Arusha ikachaguliwa kuwa makao yake. Ilikaa kwenye jengo la AICC, na vibanda vya Kaloleni havikuwa mbali. Kibandani watu wakimtazama muuaji wa kuigiza akijuta, kule juu walikuwa wanakalishwa watu waliotuhumiwa kwa mauaji yaliyomaliza watu wapatao 800,000 kwa siku kama 100. Haya hayalinganishwi na picha. Ila swali lililowakuta majaji lilikuwa la jamii moja: majuto yana uzito gani?

Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa mauaji, alikiri makosa Mei 1998. Septemba mwaka huo huo akapewa kifungo cha maisha. Majaji walitambua kwamba amekiri, lakini wakaona pia kwamba hakuonyesha kujuta hata alipopewa nafasi ya kusema.

Miezi michache baadaye akaja Omar Serushago, aliyekuwa kiongozi wa Interahamwe huko Gisenyi. Huyu alijisalimisha mwenyewe, akakiri, akaomba msamaha hadharani. Februari 1999 akahukumiwa miaka 15. Majuto yake yalihesabiwa kati ya sababu za kumpunguzia.

Tazama hapo vizuri. Cheo na ukubwa wa makosa havikuwa sawa, kwa hiyo si majuto peke yake yaliyotenganisha adhabu. Lakini yaliingia kwenye mizani, yakapimwa, na bado mtu akaenda jela miaka 15. Majuto yalipunguza adhabu. Hayakumrudisha marehemu hata mmoja. Mahakama ilifunga kazi mwisho wa 2015, na wafiwa waliendelea kuwa wafiwa.

KWA HIYO?

Kwa hiyo ule mwisho wa The Killer si ukatili wa dairekta. Stelingi angepona, akatoa macho, Jennie akaona, wakaoana, tungeondoka tukiamini kwamba ukimuumiza mtu halafu ukahangaika sana, mambo yanakuwa sare. Hayawi sare. Ah Jong ana haki ya kujuta na ana wajibu wa kujaribu kulipa. Haki ya kudai kwamba amemaliza kulipa, hiyo hana. Hiyo iko kwa Jennie, na Jennie hata hakuulizwa.

Mwaka 2024 John Woo mwenyewe aliirudia picha hii, safari hii Paris, na muuaji ni mwanamke. Ukitaka kuitazama, anza na ile ya 1989. Siku hizi haina haja ya deki wala benchi, simu yako inatosha. Ukifika pale kanisani, weka simu chini sekunde chache na umkumbuke yule mtafsiri asiye na jina aliyetufundisha kwamba stelingi hafi. Hakutudanganya. Stelingi wa siku zile hakuwa na deni.

Haya wadau, uwanja ni wenu: Ah Jong alistahili kusamehewa au la? Na kama wewe ndiye Jennie, ungesemaje? Tupia maoni yako hapo chini.