Kutoka Hadibodi hadi Katuni

Mwaka 1968 hivi, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama jijini Dar es Salaam kwa rangi ya baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Soko lake lilikuwa Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni wengi walinunua mahitaji yao. Chuo hakuwa nacho. Aliwafunza jamaa na marafiki, miongoni mwao January Linda na Simon Mpata. Alipofariki mwaka 1972, wao ndio waliobaki na mtindo.

Mwaka 2010 mtindo huo ulihamia kwenye televisheni. Kampuni ya Homeboyz ya Nairobi, ikishirikiana na Tiger Aspect ya Uingereza, ilitengeneza katuni za Tinga Tinga Tales. Safari hii vijana walijifunza mbele ya kompyuta, na undugu haukuwa sharti.